Kuti Kavu, Kuti Bichi

Kila wiki kwenye kurasa za michezo kuna kocha aliyekalia kuti kavu. Timu yake imefungwa mechi mbili, mashabiki wamechemka, na mwandishi hana haja ya kueleza zaidi: msomaji kashaelewa kwamba safari ya bwana huyo imeiva. Mshambuliaji naye, aliyebanwa dakika zote tisini, hakufua dafu. Tumeyatumia maneno haya mpaka yamechakaa kama shilingi iliyofutika maandishi, na nadhani wengi wetu tunaoyaandika hatujawahi kumwona mtu amekaa juu ya kuti, liwe kavu liwe bichi.

Mimi nimemwona, Kidichi, hapa Unguja, asubuhi moja ya kaskazi, umande ulipokwisha kukauka.

Ukitoka mjini kwa daladala unapita Mtoni, unapita Kibweni, na Bububu gari inaiacha barabara ya pwani na kukata kulia kuelekea mashamba, njia ikaanza kupanda taratibu. Wageni wanakuja huku kwa mambo mawili, viungo na hamamu. Hamamu alilijenga Sayyid Said bin Sultan mnamo 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, mjukuu wa Shah Fath Ali, na kuta zake za ndani zina nakshi za lipu, maua na ndege, kwa mtindo wa kwao bibi huyo. Waongozaji wanalisifu, nalo linastahili. Lakini mgeni akishatoka kwenye kiza kile huwa anatazama chini asijikwae. Angetazama juu angeona minazi.

Mnazi haukupendelewa na wakubwa. Inasimuliwa kwamba Sayyid Said huyohuyo aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na atakayekaidi anyang'anywe ardhi. Mikarafuu ikapandwa, Unguja ikanukia. Kisha Aprili 1872 kikapita kimbunga, kikailaza mikarafuu ya kisiwa hiki mashamba kwa mashamba, na minazi mingi pamoja nayo, na karafuu ikawa zaidi ni habari ya Pemba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yakataifishwa, watu wakagawiwa eka tatu tatu. Muda wote huo karafuu imekuwa na maofisa wake, mizani zake na bei yake inayotangazwa redioni. Nazi haina ofisa. Nazi ni ya jikoni.

Ami niliyemkuta chini ya mnazi ni mtu mwembamba, miguu yake imepinda kidogo kwa nje, vidole vimeachana kama vya mkono. Nikamwamkia.

"Shikamoo ami."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, lakini usikae hapo. Kaa kule."

Hapo nilipotaka kukaa palikuwa na kivuli kizuri. Nikaenda kule, juani.

Alivua viatu akavipanga vizuri kando ya shina, kama mtu anayeingia msikitini. Panga akalichomeka kiunoni kwa nyuma. Akatia miguu yote miwili ndani ya kitanzi cha kamba, kamba fupi ya makumbi iliyokwisha kuwa nyeusi, kiasi cha kuziacha nyayo zilibane shina kutoka pande mbili. Halafu akaushika mnazi kwa viganja. Asiyejua hukumbatia mnazi kwa kifua, akateremka bila ngozi. Mkwezi kifua chake hakigusi mti. Mikono inatangulia, miguu inafuata pamoja, kamba inauma gome, magoti yanafunguka kama ya chura, kisha mwili wote unanyooka na mikono inatangulia tena. Hakuwa na haraka hata kidogo. Kila hatua aliitolea pumzi moja, nilimsikia mpaka urefu uliponinyima sauti yake.

Mnazi ule haukuwa na vidato. Iko minazi iliyochongwa vidato kuanzia chini hadi juu, na anayeikwea hana haja ya kamba. Ami haipendi. Kidato, anasema, ni kidonda, mvua inatuama humo na mti unaoza taratibu kwa ajili ya uvivu wa mtu mmoja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonipeleka. Kupanda shina ni nguvu na mazoea. Kutoka shinani na kuingia kwenye makuti, hapo ndipo penye elimu. Lazima mkono mmoja uachie mti na ushike kitu kingine, na umbali wa chini ni mita 20 au zaidi. Kuti huzaliwa katikati ya kilele, limesimama wima. Takriban kila mwezi linazaliwa jingine na kulisukuma lenzake nje, mpaka baada ya miaka miwili au mitatu lile la kwanza limekuwa la chini kabisa, limelegea, linaning'inia, linangoja tu kuachia. Kwa hiyo kuti kavu ndilo lililo karibu zaidi na mkono wa mtu anayetoka chini. Linajileta lenyewe. Kuti bichi liko juu yake, na kulifikia kunataka uzidi kujinyoosha pale ambapo mwili wote unakuomba ushike cha karibu. Sikuwahi kulijua hilo kabla ya siku ile. Nilidhani anayekalia kuti kavu ni mtu mwenye bahati mbaya. Kumbe ni mtu mwenye papara.

Nilimwona ami anaweka kiganja juu ya bua la kuti la kwanza, anabonyeza, anangoja. Akaliacha. Akajinyoosha, akashika la juu yake, akabonyeza, akaning'iniza uzito kidogo kidogo, kisha wote. Alipokwisha kuingia ndani ya kilele ndipo akachomoa panga na kulikata lile kavu. Lilishuka likivuma, likatua palepale penye kivuli kizuri.

Kisha akakaa. Amekaa kwelikweli, mguu huku na mguu huku, kama mtu aliye barazani kwake, na chungu wa maji moto tayari wamempanda mikono. Aliwapangusa bila kuwaua. Wanauma, aliniambia baadaye, lakini mnazi wao huzaa. Nikafurahi, kwa sababu miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu aitwaye M. J. Way alifanya utafiti wake hapahapa Unguja na akaonyesha jambo hilohilo: chungu hao huwafukuza kunguni wanaofyonza matunda machanga yakapukutika. Kunguni huyo amebeba jina la Way katika vitabu vya sayansi mpaka leo.

Waarabu wana jina la tende kwa kila umri wake, na sisi tuna ya nazi. Kidaka ni tunda changa lililo sawa na ngumi ya mtoto. Likikua linaitwa kitale. Dafu ndilo la kunywa, nyama yake unaikomba. Koroma si dafu tena na halijawa nazi. Ni kama kijana aliyemaliza skuli na hajapata kazi. Mwisho ni nazi yenyewe, na kati yao wote anajificha joya, mwenye sura ya nazi na tumbo la sufi. Tangu ua hadi nazi ni kama miezi 12, na kwa vile mnazi unatoa kole jipya kila mara, wote hao wananing'inia pamoja juu ya mti mmoja, babu na mjukuu. Kutoka chini wanafanana. Ami aliwagonga kwa mgongo wa panga, ko, ko, akatega sikio, akapita, akagonga mwengine. Nazi aliyoihitaji akaisokota kikonyo mpaka kikaachia, akapiga ukelele, akaangusha. Madafu hakuyaangusha. Dafu likidondoka kutoka kule linapasuka na maji yake yananywewa na mchanga, kwa hiyo alilifunga kole zima kwa kamba, akalikata, akaliteremsha polepole mpaka nikalipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Kabla ya kushuka alifanya kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Alitoa makarara makavu, akaondoa takataka zilizokwama kwapani mwa makuti, akakagua kuti changa la katikati kama limekatwakatwa mfano wa kitu kilichopitishwa mkasi, maana hiyo ni alama kwamba chonga ameshaingia. Chonga hutoboa kuelekea kichilema, moyo wa mnazi, na mnazi una kilele kimoja tu. Kikifa, hauchipui pengine. Aliye chini hayaoni haya mpaka mti umeshakuwa nguzo. Akateremka, polepole kuliko alivyopanda.

Akanipa kifuo. Kifuo ni kijiti kilichochongwa ncha kikasimikwa ardhini, na nazi kavu, kwa aliyezoea, huvuliwa makumbi yake juu ya ncha hiyo kwa misukumo mitatu minne. Nilifua nazi moja, vibaya lakini nilifua. Nikajiona mtu, nikachukua dafu. Kumbi la dafu ni bichi, limejaa maji, limeng'ang'ania. Na gamba lililo ndani bado laini, ukikaza kidogo tu ncha inapita na maji yanakumwagikia miguuni. Ndivyo ilivyokuwa. Ami alicheka mpaka akakaa chini. Sikufua dafu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu maneno hayo hayakuwa na fumbo lolote ndani yake.

Ninasema haya kwa sababu mimi ni mtu wa mjini, na starehe za mjini ninazijua. Jaws Corner alasiri, wazee wanapiga dhumna na kuhukumu serikali za dunia nzima, muuza kahawa anapita na birika, na kwenye sinia kuna kashata. Kashata ni nazi. Kwenye urojo tunamiminiwa chatini ya nazi. Mkate wa kumimina ni mchele na tui. Pweza anayetupendeza ni wa nazi, na Ijumaa nyumba isiyopikwa wali wa nazi majirani huulizana kulikoni. Jua likizama, Forodhani, vijana wanapiga mbizi kutoka ukutani, sisi tunakaa na upepo wa bahari na dafu mkononi, na yule muuzaji anakata juu mapigo matatu tukamsifu kwa wepesi wa panga lake. Tunamsifu wa mwisho kulishika. Wote hao, wa kashata na wa wali na wa dafu, wameanza kazi pale mtu alipovua viatu vyake akavipanga kando ya shina. Ujira wake unahesabiwa kwa mnazi, si kwa saa, na kwa desturi ya mashamba mengi anaongezewa nazi zake aende nazo nyumbani.

Kidichi wako wakwezi wa aina ya pili, na siwezi kuwaacha. Ziara ya viungo ikikaribia kwisha, mgeni ameshanusa mdalasini na ameshapakwa rangi ya mrangirangi, hutokea kijana akakwea mnazi akiimba. Katikati ya shina anaachia mkono mmoja, anatupa mguu, anajizungusha, wageni wanapiga kelele na simu zinainuliwa. Chini wenzake wanawavisha kofia na tai za makuti walizosuka papo hapo. Wapo wanaowacheka vijana hawa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nimeacha. Kuimba huku unapanda kunataka pumzi ambayo mimi sina hata nikiwa nimekaa kitini, na bila wageni hao kijana yule angekuwa juu ya bodaboda, miguu yake isingelijua gome la mnazi. Nilichokiona tu ni kwamba hupanda mnazi uleule kila siku, mfupi, ulionyooka, akashusha dafu moja, akashuka kupigiwa makofi. Hapati sababu ya kugonga koroma. Hapati sababu ya kumtafuta chonga. Nilimuuliza ami kama anao wa kumrithi kazi, akanionyesha kwa kidevu kijana mmoja wa nyimbo aliyekuwa akipita na kamba yake begani.

"Huyo anajua kupanda," akasema. "Kukaa bado."

Minazi ya Unguja mingi imezeeka, mingine inakatwa mbao, na Kidichi yenyewe nyumba zinakaribiana. Paa za makuti zimebaki za mahoteli. Ami alinieleza haya yote bila huzuni niliyoitarajia, alikuwa ameshavaa viatu na anatazama mnazi wa jirani.

Jioni ile nilirudi mjini, nikaenda Forodhani kama kawaida yangu, nikaagiza dafu. Nazi ikipevuka huanguka yenyewe, mtoto akaiokota. Dafu haliokotwi. Kila unalokunywa, mtu amelifuata juu.