Bei ya Mashimo Thelathini na Mawili

Mchezo wa bao hauuzwi. Watoto wanaochunga ng'ombe hufukua mashimo ardhini, wakaokota vijiwe, wakacheza mpaka jua linazama. Sheria zake ni mali ya wote, na hakuna anayedai kwamba ndiye aliyeubuni. Kwa hiyo mtu anayenunua bao la mti, hata hapa Kiruruma, wilayani Karagwe, ambako kila shilingi ya kahawa ina kazi inayoisubiri, analipia kitu kimoja tu: mkono wa fundi. Ndiyo maana husikitika ninapomsikia mnunuzi akihoji vipi kipande cha mti chenye mashimo kiwe ghali hivyo. Kipande hicho kinastahili kutazamwa taratibu zaidi.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa ni mahali pazuri pa kukitazamia. Magharibi, ng'ambo ya Mto Kagera, Wanyarwanda wanacheza igisoro. Kaskazini, ukishavuka mpaka wa Uganda, kuna omweso wa Waganda. Kutoka pwani kuna bao la Kiswahili. Michezo hii mitatu inatofautiana katika kula na kusambaza kete, lakini yote hukaa juu ya ubao wa safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Fundi wa eneo hili anachonga chombo kinachoeleweka pande zote.

Kazi huanza muda mrefu kabla ya patasi kugusa mti. Fundi anatafuta gogo lililonyooka, la mvule pengine, au la mushambya uliopandwa kwenye mpaka wa shamba la migomba. Hukwepa moyo wa gogo, kwa kuwa hapo ndipo nyufa huanzia. Kisha ubao hukaa kivulini, umeinuliwa usiguse ardhi, hewa ipite juu na chini, kwa miezi. Ubao mbichi huchongeka kwa urahisi, lakini ukikauka baadaye hujikunja na kupasuka kati ya shimo na shimo. Miezi hiyo haionekani kwenye bao lililokamilika, na mnunuzi haioni. Lakini aliyenunua bao lililochongwa kwa pupa huijua vizuri, kwa maana rahisi hugharimu.

Ubao ukishakauka, huchongwa kwa tezo, hupigwa randa, ndipo mistari huchorwa. Hapa ndipo nimestaajabia utulivu wa mafundi. Safu nne zinapaswa kulingana, na kuta za katikati ya mashimo ziwe na unene mmoja. Ukikosea nusu ya upana wa kidole kwenye shimo la kwanza, kosa linakua kila unapoendelea, na shimo la nane linaangukia ukingoni. Fundi mzuri hupima, akafuta, akapima tena, na hana haraka ya kushika nyundo.

Shimo lenyewe si tundu tu. Mchezaji wa bao huchota kete zote za shimo kwa mara moja, macho yake yakiwa tayari yanatazama mashimo ya mbele, kisha huziangusha moja moja kwa kasi. Ubavu wa shimo ukiwa wima, kete moja hubaki chini na hesabu nzima huharibika. Shimo likiwa la kina kifupi, kete zikijazana humwagikia kwa jirani. Kwa hiyo fundi huchimba kwa patasi yenye makali ya mviringo, akifuata nyuzi za mti, mpaka ndani pawe na mteremko laini unaozipeleka kete katikati, mahali vidole vinapozikuta. Baada ya hapo husugua kwa msasa, akipima kwa ncha za vidole. Kwenye bao la Kiswahili kuna kazi ya ziada: kila mchezaji ana nyumba, shimo la mraba kwenye safu yake ya mbele, ambalo huanza na kete sita. Pembe nne za nyumba zikitoka safi, ujue mkono ule umekomaa.

Na hofu ya kazi hii haipungui kadiri mwisho unavyokaribia. Patasi ikiteleza kwenye shimo la 31, mashimo 30 yaliyotangulia yamepotea pamoja nalo. Mti uliotolewa hauwezi kurudishwa.

Tulinganishe na huko ambako michezo ya mezani ni biashara kubwa. Mchezo wa Gloomhaven, uliotoka mwaka 2017, ulipangiwa bei ya dola 140 nchini Marekani, zaidi ya shilingi 300,000 za Tanzania. Sanduku lake lina uzito wa takriban kilo kumi, limejaa kadi, vigae vya makaratasi magumu na sanamu za plastiki. Huko nako watu hulalamika juu ya bei za michezo ya namna hiyo, na wanaoinunua hujitetea kwa saa nyingi watakazocheza. Utetezi huo ni wa haki, na kwa bao una nguvu zaidi. Mtafiti Alexander de Voogt alifanya utafiti kwa mabingwa wa bao wa Zanzibar, akautolea tasnifu yake mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden. Swali lake lilikuwa akili ya binadamu inaweza kufika wapi katika hesabu za bao. Mchezo wenye kina cha namna hiyo mtu hauchoki. Bao la mti mgumu likitunzwa hurithiwa, na kila mkono unaolitumia hulizidishia ulaini.

Basi ligawe bei ya bao kwa miaka litakayochezwa, uone kinachobaki. Kisha fikiri juu ya fundi, ambaye bei ileile humlipa mara moja tu: kwa mti, kwa miezi ya kusubiri, kwa siku za kuchonga na kwa miaka aliyojifunzia. Kwa hesabu hiyo bao la kuchonga si ghali. Aghalabu linauzwa chini ya thamani yake. Ukilikuta sokoni, pitisha vidole ndani ya mashimo yote. Ukiona yako sawa, mlipe fundi bei aliyotaja, na umpelekee kijana mmoja akajifunze kwake.