Pongezi kwa Mafundi wa Muratina

Muratina, mvinyo wa Eastlands jijini Nairobi, hautoki kwenye zabibu. Unatokana na asali, maji na tunda la mwegea, lile refu lenye umbo la soseji, na wanaojua kuutengeneza wanastahili sifa nyingi kuliko wanazopewa.

Tunda hupasuliwa, hukaushwa juani, kisha huloweshwa kwa asali hadi nyuzi zake zishike hamira ya asili. Hukaushwa tena na kutunzwa vizuri, kwa kuwa litatumika mara nyingi. Watafiti wamekuta humo Saccharomyces cerevisiae, hamira ileile inayochachusha mvinyo wa Ufaransa. Fundi hulitia kwenye chombo cha asali na maji, hukiweka penye joto, husikiliza povu, huonja. Akiwahi, muratina ni tamu mno. Akichelewa, imekuwa kali.

Ladha yake hukamilika kwa chakula. Kwenye ruracio, sherehe za mahari, za Buruburu au Umoja, wazee wakishapokezana pembe ya kunywea, mimi hutafuta muratina iliyokomaa, niinywe na mbavu za mbuzi kutoka soko la Burma. Uchachu wake hukata mafuta na kuuacha ulimi ukidai mnofu mwingine. Mutura, soseji ya kienyeji, wenye pilipili huhitaji ile changa, maana utamu wa asali hutuliza ukali. Kachumbari yenye ndimu nyingi naomba iwekwe mbali. Inaua harufu yote.

Siku hizi sukari na hamira ya dukani hurahisisha kazi, na wengi wamezikimbilia. Wanaoshikilia asali na mwegea hutoza zaidi. Walipwe bila kubishana.