Taulo, Koti na Kikombe: Uchumi wa Mataifa ya Nyota katika Mwanga wa Ombi la Nne

Miongoni mwa maandishi ambayo watumishi wa Kanisa huwaachia vijana bila kuyasoma wenyewe ni riwaya na filamu zisimuliazo habari za mataifa ya kubuni yakaayo katika nyota za mbali. Wengi huyahesabu kuwa mchezo wa vyombo vya anga na silaha za ajabu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Waandishi walio bora katika fani hii hulazimika kujibu swali ambalo hata mwanatheolojia hana budi kulijibu: katika ulimwengu huo watu wanakula nini, wanavaa nini, na ni nani aliyevitengeneza vitu hivyo?

Katika makala hii tunakusudia kuyapima mataifa matatu ya namna hiyo, si kwa majeshi yake wala kwa sheria zake, bali kwa vyombo vya nyumbani. Kipimo chetu tunakitoa katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Luther alipolieleza ombi la nne la Sala ya Bwana hakuishia kwenye unga. Alitaja chakula na mavazi, nyumba na shamba, mifugo na fedha, serikali njema, na hata majirani waaminifu. Yaani, jirani yumo ndani ya mkate. Tena alifundisha kwamba Mungu hutoa riziki akiwa amejificha nyuma ya kazi za wanadamu kama aliyevaa kinyago. Basi swali letu ni hili: mtu ashikapo chombo cha nyumbani katika ulimwengu huo wa kubuni, je, aweza kumwona jirani aliyekifikisha mkononi mwake?

Tuanze na Dune, riwaya ya Frank Herbert iliyotoka mwaka 1965. Milki ya kifalme yenye sayari nyingi inategemea kiungo kimoja kipatikanacho katika sayari ya jangwa iitwayo Arrakis. Habari za kiungo hicho, pamoja na kampuni kubwa inayogawa faida za biashara ya milki, zimeelezwa kwa kirefu. Lakini uchumi wenyewe unaonekana wazi zaidi mlangoni mwa chumba cha kulia katika jumba la mtawala. Desturi iliyokuwapo ilimtaka mgeni achovye mikono katika bakuli, amwage maji sakafuni, ajipanguse kwa taulo, kisha alitupe taulo hilo katika dimbwi. Baada ya karamu maskini walikusanyika nje wapate maji yaliyokamuliwa humo. Mtawala mpya, Leto, anaifuta desturi hiyo na kuagiza kila mwombaji apewe kikombe cha maji. Msimamizi wa nyumba anakasirika, kwa kuwa alikuwa amekwisha kupanga kuyauza maji ya taulo.

Tendo la Leto ni jema, nasi hatulidharau. Hata hivyo Herbert hamruhusu msomaji kushangilia upesi. Usiku ule ule Leto anamwaga sakafuni nusu ya maji ya kinywaji chake mbele ya wageni, akijua kwamba nao watalazimika kumwiga. Sadaka imeongezeka, lakini meza haikubadilika. Maji yangali mali ya mkubwa, ya kutoa au ya kumwaga. Katika sayari hiyo hiyo wako Fremen, wenyeji wa jangwani, wavaao nguo zinazorudisha jasho la mwili liwe maji ya kunywa. Kwao maji ya marehemu hurudi kwa kabila. Kijana Paul anapomwua Jamis katika pambano, anakabidhiwa pete zinazohesabu maji ya mtu huyo. Desturi hiyo yaweza kututisha, lakini angalau hakuna anywaye bila kujua anadaiwa na nani.

Ursula K. Le Guin, katika The Dispossessed ya mwaka 1974, analiendeleza swali hilo kwa ustadi mkubwa zaidi. Anaweka sayari mbili zitazamanazo: Urras yenye neema na mali, na Anarres iliyo kavu, makao ya watu waliokataa umiliki. Mwanafizikia Shevek anatoka Anarres kwenda Urras, naye anapelekwa katika mtaa wa maduka. Huko anaona koti ambalo bei yake ni fedha 8,400, hali amesoma gazetini kwamba mtu aweza kuishi mwaka mzima kwa fedha zipatazo 2,000. Bei hiyo inamwumiza. Lakini linalomtia hofu zaidi ni jambo lingine: katika mtaa wote, kati ya vitu visivyohesabika, hakuna hata kimoja kinachotengenezwa pale. Mafundi, washonaji na wachimba migodi wamefichwa. Waliopo ni wauzaji na wanunuzi, na kati yao hakuna uhusiano ila ule wa umiliki. Kwa maoni yetu hiki ndicho kiini cha riwaya. Kwa Luther, kinyago cha kazi humficha Mungu ili tumtambue kwa imani katika jirani. Katika mtaa ule, jirani mwenyewe ndiye aliyefichwa, na mahali pake pamewekwa bei.

Je, Anarres imeponyoka? Huko nguo na mablanketi hutolewa katika ghala la wote. Hata lugha yao huyaepuka maneno ya umiliki: mtu hasemi kwamba mkono wake unauma, bali kwamba mkono unamwumiza. Hapa msomaji wa Kiswahili atatabasamu. Sisi tumesema "mkono unaniuma" tangu utotoni, wala hatuna kitenzi cha pekee cha kusema tuna kitu, ila twasema tu pamoja nacho. Hata hivyo amri ya saba haijakosa kazi miongoni mwetu! Sarufi haimtakasi mtu. Yaonekana Le Guin alilijua hilo. Ukame unapoingia Anarres, Shevek anapewa kazi ya kuandika orodha za watakaopunguziwa chakula. Walio dhaifu mno kufanya kazi kamili wanapewa nusu. Nusu hiyo yatosha kuwaweka hai, haitoshi kuwaponya. Shevek anaiacha kazi hiyo, lakini anajua kwamba mwandishi mwingine wa orodha hatakosekana. Sifa kuu ya riwaya hii ni kwamba inaipenda Anarres pasipo kuiabudu.

Taifa la tatu ni Shirikisho la sayari katika michezo ya televisheni ya Star Trek, hasa mfululizo ulioanza mwaka 1987. Nahodha Picard anataka chai. Anataja jina lake mbele ya mashine iliyo ukutani, na kikombe kinatokea, chai tayari imo. Katika filamu ya mwaka 1996 anaeleza kwamba katika karne yake fedha haziko tena, na kwamba watu hufanya kazi ili kujiendeleza wao wenyewe na wanadamu wote. Tusiidharau ndoto hiyo. Aliyewahi kumwona mama akigawa kijiko cha mwisho cha sukari hawezi kuicheka. Lakini tukitazame kikombe chenyewe. Hakina mchuma chai, hakina mfinyanzi, wala hakina mwosha vyombo. Hakuna anayedhulumiwa ndani yake, na hakuna wa kushukuriwa.

Yapasa kuangaliwa kwamba watunzi wa michezo hiyo nao hawakuweza kukaa kwa raha katika neema yao. Katika kipindi cha mwaka 1990 Picard anarudi kwao Ufaransa, kwa ndugu yake mkulima wa mizabibu, ambaye amekataa mashine hiyo isiingie nyumbani. Na katika mfululizo wa Deep Space Nine, ulioanza mwaka 1993, wanaweka baa ya Quark, mfanyabiashara wa taifa la Ferengi, watu waabuduo faida. Katika kipindi cha mwaka 1996 Rom, nduguye Quark, anayefanya kazi humo hali ni mgonjwa na bila haki ya kupumzika, anawaongoza wenzake katika mgomo. Ni ajabu kwamba katika ulimwengu ulioifuta dhuluma, bilauri ya baa yenye dhuluma ndiyo inayotuonyesha uso wa mhudumu. Watunzi walipotaka hadithi ya watu na vyombo, walilazimika kumrudisha jirani, na jirani akarudi pamoja na madai yake.

Basi, tukizilinganisha kazi hizi, twaona kwamba umaskini na utajiri havitoshi kuwa kipimo. Taulo la Arrakis lamwonyesha jirani akiwa mwombaji. Koti la Urras lamficha. Ghala la Anarres lamtambua, kisha katika njaa lamgeuza jina katika orodha. Kikombe cha Picard kinamwondoa kabisa. Kati ya waandishi hao, Le Guin ndiye aliyeliona jambo kwa undani zaidi, kwa kuwa hakudhani kwamba uhaba ukiondoka upendo utakuja wenyewe, wala kwamba uhaba ukigawanywa sawasawa upendo umekwisha kufika.

Kwa mhubiri, faida ya usomaji huu si ndogo. Yakobo anatuonya juu ya mtu amwambiaye ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende akaote moto na kushiba, pasipo kumpa mahitaji ya mwili (Yak. 2:15-16). Maneno hayo yaweza kusemwa hata na uchumi mzima. Katika sharika zetu kuku, mayai na mikungu ya ndizi huletwa madhabahuni, kisha hupigwa mnada nje baada ya ibada. Pale mnunuzi aweza kumwona mama aliyeleta yai. Mara nyingi huangalia bei tu. Ikiwa mnada wetu hautufundishi kumwona aliyeleta, tumeujenga mtaa wa Urras mlangoni mwa kanisa. Ombi la nne latufundisha kuomba mkate pamoja na jirani, na kuupokea wote wawili kwa shukrani.