Toba na Haki ya Mja katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate unaokadiriwa kutungwa mwanzoni mwa karne ya 19, umezoeleka kuhakikiwa kama maombolezo ya kuanguka kwa mji. Usomaji huo una msingi. Beti zinazokumbukwa zaidi ni zile zinazochora majumba yaliyohamwa, madaka ya sahani yaliyogeuka makazi ya ndege na nyumba zilizotamalakiwa na popo. Hata hivyo, kuukomesha uhakiki kwenye magofu ni kuliacha swali kuu la kidini la utungo huu: dhambi huondokaje?

Jibu la kwanza linatolewa mapema. Baada ya kumhimidi Mungu, mtunzi anaeleza azma yake ya kutunga koja la lulu litakaloondoa kiza cha ujinga, na anaahidi kwamba atakayelizingatia, litakuwa toba yake. Hapa utakaso ni kazi ya tafakuri. Jina la utungo, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kufunuka, linaafiki hoja hiyo: moyo hutakasika kwa kuondolewa pazia. Udhu na kafara si mhimili wa hoja ya mtunzi. Anayesemeshwa ni moyo, ambao maji hayaufikii.

Jibu la pili linajitokeza katika beti zinazohusu Siku ya Hukumu. Aliyedhulumiwa anamwandama aliyemdhulumu, akidai haki yake kwa hukumu ya Mola. Fedha na dhahabu hazipokelewi. Malipo ni thawabu, na zikikosekana, mdaiwa hutwishwa mzigo. Fundisho hili linawiana na Hadithi ya muflisi iliyopokewa na Muslim, ambamo mwenye sala, saumu na zaka anafilisika kwa sababu aliwatukana watu, akala mali zao na kumwaga damu yao.

Je, majibu haya mawili yanapingana? Yangepingana iwapo toba ingekuwa na sharti moja tu. Wanazuoni wa Kiislamu hutaja masharti matatu kwa dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake: kuiacha, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Dhambi inapogusa haki ya mja mwingine, huongezwa sharti la nne, nalo ni kumrudishia haki yake au kumwomba radhi. Kwa mwanga huo, ahadi ya mwanzo haitanguliwi, bali inawekewa mpaka. Tafakuri huamsha majuto, hailipi deni.

Mpaka huo unafichua pengo katika utungo wenyewe. Matajiri wa Pate wanalaumiwa zaidi kwa kiburi na kughafilika kuliko kwa dhuluma. Wanapolala, wapo wanaowakanda, wanaowapepea na wanaowatumbuiza, lakini watumishi hao hawapewi majina, ilhali baadhi ya jamaa za mtunzi na masharifu wa mji wanatajwa mmoja mmoja na kuliliwa. Mdai anayesimama Siku ya Hukumu naye hana jina wala sura. Utungo unathibitisha kwamba deni lipo, lakini haumwonyeshi mwenye kudai ndani ya majumba hayo.

Inaweza kujibiwa kwamba mawaidha hulenga kila msomaji, hivyo kumtaja mdai mmoja kungeipunguza hoja. Utetezi huu una uzito, lakini hauelezi kwa nini waliopoteza utajiri wanatajwa majina na waliowatumikia hawatajwi. Kwa hiyo, usomaji wa maombolezo unahitaji kurekebishwa: magofu ya Pate ni ushahidi wa kupita kwa dunia, na pia ni mahali ambapo hesabu ya haki haijafungwa. Msomaji anayelia mbele ya madaka matupu ameanza toba. Kwa kipimo cha utungo wenyewe, hajaikamilisha mpaka aulize ni nani aliyeyajaza, na kwa haki ya nani.