Kiingereza Kizuri Kinajulikana kwa Kitenzi

Majuzi insha ya mwanafunzi ilisomwa mbele ya wazazi, ukumbi mzima ukapiga makofi. Ndani yake mlijaa "notwithstanding" na "paramount", na katikati: "the mistakes which our leaders have done". Hakuna aliyeshtuka. Hili linaniudhi.

Kiingereza hakipimwi kwa msamiati mzito. Kinapimwa kwa vile vitenzi vifupi vinavyobeba nomino. Homework ni do, mistake ni make, attention ni pay. Ndivyo wenyewe wasemavyo, basi. Mwanaisimu Harold Palmer aliyathamini maneno yaandamanayo hivi kiasi cha kuyatolea ripoti nzima Tokyo mwaka 1933. Mwenzake, A. S. Hornby, akatoa huko huko mwaka 1942 kamusi ambayo leo ni Oxford Advanced Learner's Dictionary.

Asiyejua hukagua maneno yakiwa yamekaa bega kwa bega. "Make a mistake" hata kasuku ataipata. Yatenganishe! Tanguliza nomino, ingiza kishazi katikati, halafu ngoja kitenzi: "The decision which the committee, after a long quarrel, finally..." Fundi ataleta took au made bila kusita. Aliyekariri ataleta did, kwa kuwa masafa yale mafupi yametosha "kufanya" ya Kiswahili kumrudia kichwani. Nilimfahamu kijana aliyebandika orodha ukutani na kupata zote kwenye maswali ya kujaza nafasi. Barua yake ya kuomba kazi ilisema "the effort I did" na "the promise they did to me". Orodha haikumsaidia kitu.

Mwalimu wetu wa sekondari aliandika ubaoni nomino moja tu, kwa mfano "advice", akataka sentensi inayoanza na nomino hiyo, kitenzi kije mwishoni. Daftari lilirudi na duara jekundu kwenye kitenzi, pengine pote pasafi. Walimu wa aina ile wamekwisha.

Jambo moja halina mjadala. Anayekimbilia "perform" kila mahali ili asichague kati ya do na make, hajui Kiingereza.

Enyi wasahihishaji, acheni kutoa alama kwa ukubwa wa maneno. Tafuteni nomino iliyoachana na kitenzi chake, msahihishe kuanzia hapo.