Vigeu Visivyogeuka: Maoni Juu ya Istilahi Tatu za Kompyuta

Miradi mingi ya kompyuta iliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript huwa na amri zilizotungwa mapema ili kuikusanya programu na kuitoa ikiwa tayari kutumika. Amri hizo husoma maelezo yaliyowekwa nje ya programu yenyewe: anwani ya hifadhidata, neno la siri, au jina NODE_ENV, linaloeleza kama programu ingali ikitengenezwa au imekwisha kutolewa kwa watu. Maelezo hayo tumeyaona yakiitwa "vigeu vya mazingira", na amri zile "hati ya ujenzi". Majina yote mawili yana kasoro, ingawa si za uzito mmoja.

Mtumishi wa serikali katika Mji Mkongwe akiletewa "hati ya ujenzi" mezani atadhani ni karatasi ya mtu anayetaka kuongeza ghorofa Shangani. Na katika mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, jambo hilo si dogo hata kidogo. Hati kwetu ina mhuri na saini. "Skripti", japo ni neno la kukopa, halimpotezi mtu.

"Mazingira" tungeliacha lilivyo. Ni kweli kwamba siku hizi neno hili huwapeleka wengi kwenye mikoko na fukwe, lakini asili yake ni kuzingira, na ndiyo dhana inayotakiwa. Tangu toleo la 7 la Unix, mwaka 1979, kila kazi inayoanzishwa hupewa nakala ya maelezo ya kazi iliyoianzisha, ikawa imezingirwa nayo. Ikiyabadili, mabadiliko hayamrudii mzazi.

Kosa limo katika "kigeu". Katika hisabati kigeu ni kile ambacho thamani yake hubadilika, na katika masikio ya Mswahili hakiko mbali na kigeugeu. Maelezo haya kwa kawaida huwekwa kabla ya kazi kuanza, yakasomwa tu. Kinachobadilika ni mahali: kompyuta ya mwanafunzi aliyeko Vuga imewekewa neno hili, na seva imewekewa jingine. Tena, aliyezoea vigeu vya lugha za programu hutarajia vya namna nyingi, vya namba na vya kweli au si kweli. Katika Node.js yote haya husomwa kuwa matini. Anayeandika "false" kwa nia ya kuzima kitu, kisha asilinganishe matini hiyo na kitu, atakikuta kinawaka, kwa kuwa matini yoyote isiyo tupu huhesabiwa kuwa kweli. Twapendekeza "kipangwa", neno lililoundwa kama "kitendwa", ambalo walimu wa sarufi wanalifahamu: vipangwa vya mazingira.

Lililo zito zaidi ni "ujenzi". Nyumba iliyojengwa hubaki mahali pake, na vilivyomo hubaki na mwenyewe. Kazi hii sivyo ilivyo. Programu inapotayarishwa kwa ajili ya kivinjari, thamani ya kipangwa hunakiliwa ndani ya faili la mwisho mahali pa jina lake. Ni kama kokoto iliyoingia katika gunia la karafuu: gunia likishashonwa, kokoto husafiri nayo hadi kwa mnunuzi. Zana ya Vite hujaribu kuzuia balaa hili kwa kuyapitisha kwenye programu majina yanayoanza na VITE_ peke yake, lakini haikagui kilichomo. Aliyelipa neno la siri jina la namna hiyo, na programu ikalitumia, amemkabidhi kila atakayefungua ukurasa, na hata akilibadilisha kwenye mashine yake, lililokwisha kutoka halirudi. Atalazimika kufunga gunia jingine. Hatari hii haionekani katika "ujenzi". Katika "ufungashaji" inaonekana mara moja, na mfasiri anayeandika mwongozo kwa watu wanaoshughulika na kumbukumbu za wananchi ana wajibu wa kuionyesha. Basi na iwe "skripti ya ufungashaji".

Yabaki yale "mazingira ya uzalishaji", yanayokusudiwa mahali programu inapotumiwa na watu wenyewe. Hapa Unguja jina hilo litamfanya msomaji afikirie kiwanda cha sukari cha Mahonda. Kwa sasa tunatumia "mazingira ya utumizi", na mwenye neno lililo bora na alilete.