Kuitambua Miguu Mizuri ya Ndege

Abiria wengi humpima rubani kwa ulaini wa kutua. Kipimo hicho kinadanganya. Njia ikiwa imelowa, rubani anayeijua kazi huyakita magurudumu kwa uzito kidogo ili yapasue maji na kushika lami. Anayeibembeleza ndege itue kama unyoya huimaliza njia bure. Ukitaka kuujua ubora, itazame miguu yenyewe, tena ndege ikiwa inatembea polepole.

Chukua Boeing 777-300ER, ambayo huonekana Nairobi na Dar es Salaam. Ina magurudumu 14: mawili ya pua, na 6 katika kila mguu mkuu, yamepangwa jozi tatu. Inapokaribia ardhi, angalia seti hiyo ilivyoinama: jozi ya mbele juu, ya nyuma chini. Ya nyuma hugusa kwanza, kisha nyingine hulala. Pua huja mwisho, nayo inashushwa. Ikidondoka kwa kishindo, rubani ameiachia mapema.

Ndege ikishaegeshwa, tafuta bomba linalong'aa kama kioo juu ya magurudumu. Ndani yake mna naitrojeni na mafuta. Naitrojeni ndiyo springi. Mafuta, yakilazimika kupita kwenye tundu dogo, humeza kishindo ili ndege isidunde. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Sehemu inayong'aa iwe na urefu unaolingana kulia na kushoto. Iwe na utando mwembamba wa mafuta, usiwe mchirizi. Vumbi likiachwa hapo, bomba huzama nalo na kuila sili inayozuia mafuta yasivuje, ndiyo maana fundi makini hulifuta kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta. Tairi nazo zina habari zao: iliyolika katikati ilijazwa mno, iliyolika pembeni ilipungukiwa upepo.

Lakini mimi hupenda kona kuliko yote. Kando ya kiti cha rubani kuna usukani mdogo wa mkono unaogeuza gurudumu la pua hadi nyuzi 70. Pedali huligeuza nyuzi 7 tu, nazo zinatosha kuinyoosha ndege ikiwa na kasi. Kwenye kona kali, kaza macho kwenye jozi ya mwisho ya mguu mkuu. Pua ikigeuka kupita nyuzi 13, jozi hiyo nayo hugeuka, ila kwa upande wa kinyume, ili tairi zisiburutwe na kukwanguliwa na lami. Ni mwendo mdogo mno, na ukishauona mara moja utautafuta kila siku.

Rubani hukaa mbele ya gurudumu la pua, kwa hiyo lazima aache kiti chake kiupite mstari wa njano wa katikati ya njia, hata kielee juu ya majani, ndipo akate. Akikata mapema, magurudumu ya nyuma yataingia majanini. Kona safi ina kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, bila breki za kushtukiza, na usukani hurudishwa taratibu.

Mwisho, litazame gurudumu la pua ndege inaposimama. Rubani bora husogea mbele kidogo baada ya kona ili linyooke, mguu usibaki umejipinda chini ya mzigo. Akiliacha limekaa upande, hata kama alitua kwa ulaini wa pamba, mimi simpi alama.